Pimbi Bingwa na Matanga ya Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifunga milango na kuombana chumvi kama sisi, aliishi Pimbi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa mieleka. Ndiyo, Pimbi! Yule mnyama mdogo wa mawe­ni, mnene kama kitumbua, asiye hata na mkia wa kujivunia. Msicheke bado, watoto wangu. Huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa nchi nzima.

Ulingoni alijiita Mvunja-Mbavu. Mkanda wake wa ubingwa ulikuwa mkubwa kuliko yeye, ukiburura vumbi nyuma yake kila aendako. Na bingwa, kwa sheria ya nchi, alipewa pango zuri lenye chemchemi ndani, akae humo na jamaa yake mpaka siku atakapoangushwa.

Zamani Pimbi na mkewe, Bi Mashavu, walikaa kwenye ufa wa jabali. Mvua ikinyesha, maji yalilala nao kitanda kimoja. Sasa watoto wao walilala pakavu, na Pimbi aliapa hawatarudi kule tena. Kwa ajili ya pango lile angefanya lolote.

Lolote, isipokuwa kupigana mieleka. Hiyo hakuijua hata kidogo.

"Sasa alikuwaje bingwa?" mtaniuliza. Ngojeni niwaambie.

Ilikuwa desturi ya wanamieleka kutembeleana siku ya kuamkia pambano. Mtu huenda kwa mshindani wake, wakasalimiana, wakanywa maji, ili kesho wasiangushane kwa chuki. Desturi njema kabisa. Pimbi akaigeuza mtego.

Tuseme kesho anapambana na Nyati. Basi leo Pimbi huyo mlangoni, uso umemshuka, kamba mkononi.

"Hodi hodi!"

"Karibu, Pimbi. Mbona mnyonge hivyo?"

"Nimekuja kukupa pole, kaka."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Msiba! Nani amefariki?"

"Bado," alisema Pimbi, akijifuta chozi. "Hebu simama wima kidogo." Akaanza kumpima Nyati kwa kamba, kichwani mpaka kwatoni. "Lo! Sanda itakuwa kubwa." Akamgeukia mke wa Nyati. "Shemeji, mikeka ya waombolezaji mtaitandika wapi? Uani hapatoshi. Lakini msihangaike na chakula. Mbuzi na mchele wa matanga nimekwisha agiza mimi mwenyewe. Siku zote huwa nalisha matanga ya ninaowaangusha, ni haki yao."

Mke wa Nyati alipiga ukemi. Nyati naye akajiuliza, huyu kadogo hivi, anasema kwa upole hivi, na mchele amekwisha agiza! Lazima lipo jambo. Asubuhi yake akapeleka salamu ulingoni kwamba amepatwa na jipu mahali asipoweza kupataja.

Kifaru akaja, akaondoka hivyohivyo. Akaja Ngiri, akahama mtaa. Mwamuzi, Korongo, alikuwa akisimama katikati ya ulingo mtupu, anainua mkono wa Pimbi, na watu wanashangilia: "Mvunja-Mbavu! Mvunja-Mbavu!" Na ubavu wenyewe hata mmoja haujavunjwa.

Bi Mashavu tu ndiye hakushangilia.

"Mume wangu, ipo siku utampata asiyeogopa."

"Asiyeogopa kufa? Huyo hajazaliwa, mama watoto. Tia uji."

Basi siku moja Korongo akatangaza mshindani mpya. Nani? Fisi! Watu walicheka wakashika matumbo. Fisi, anayekimbia kivuli chake? Pimbi alicheka kuliko wote. Akachukua kamba yake, akauvaa uso wa huzuni, huyoo mpaka kwa Fisi.

"Hodi hodi!"

"Pita. Umekuja na chochote cha kutafuna?"

"Nimekuja kukupa pole, kaka."

"Ahsante. Pole ya nini?"

"Ya msiba."

Fisi aliketi wima. Masikio yalimsimama. "Msiba? Msiba wapi? Watu wamekwisha anza kwenda?"

"Msiba wako, kaka," alisema Pimbi kwa sauti nzito. "Kesho nitakuangusha, hutainuka."

"Haya. Na chakula?"

Pimbi akakohoa. Hakuna aliyepata kumjibu hivyo. "Watu watalia, Fisi! Watagaagaa chini!"

"Wanaolia hawali sana," alisema Fisi, akilamba midomo. "Nimeuliza chakula."

"Mbuzi nimeagiza. Na mchele. Matanga makubwa!"

"Mbuzi wanono?"

"Wanono."

(Msiniulize mbuzi wenyewe walisemaje. Mimi hawakuniambia.)

Fisi akafumba macho, akameza mate, gulu! Halafu uso wake ukakunjamana. Alikuwa anafikiri, kazi ambayo hakuizoea.

"Ngoja kwanza, Pimbi. Mimi nikifa, hao mbuzi nitawala?"

"Maiti hali, kaka."

"Alaa! Huoni kama hiyo ni dhuluma? Matanga yangu, walao wengine!" Akafikiri tena. "Na ukianguka wewe, je? Mbuzi si ni walewale?"

Pimbi akarudi nyuma hatua moja. "Ni... ni walewale. Lakini mimi sianguki."

"Hilo niachie mimi," alisema Fisi, akiinuka kwa furaha. "Nenda kapumzike, ndugu yangu. Na wapishi uwaambie wasizidishe chumvi."

Pimbi alirudi nyumbani anaiburura kamba. Aliogopa kweli, wala sitamficha. Aliwatazama watoto wake wakirushiana maji ya chemchemi.

"Sema unaumwa," alisema Bi Mashavu.

"Bingwa asipofika ulingoni, ameangushwa. Pango litakwenda."

"Basi nenda, baba watoto. Labda atasikia harufu ya mzoga njiani, apotee."

Asubuhi ngoma zikalia, ndu! ndu! ndu! Pimbi akafika, mkanda unaburura vumbi. Fisi alikuwa amekwisha fika kabla ya watu wote, na shingoni amejitundikia sahani.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Korongo.

"Ya baadaye," alisema Fisi. "Anza, bwana, nina njaa."

Filimbi ikalia, priiiii!

Pimbi akanyoosha kidole. "Fisi! Tazama nyuma yako, mfupa!"

Jana Fisi angegeuka. Leo hata ukope haukumcheza. "Sitaki mfupa. Leo nataka msiba!"

Akaja mbio. Pimbi akakimbia kulia, Fisi yuko. Akakimbia kushoto, akaukanyaga mkanda wake mwenyewe. Fisi akamdaka kiunoni, akamwinua juu, watu wakaona vinyayo vinapiga teke hewani. Puu! Pimbi chali mchangani, ametoa macho, mkanda umemfunika kama blanketi.



"Kumbe hajui mieleka!" alinguruma Nyati. "Mimi mwaka ule nilikuwa na jipu tu! Msifikiri niliogopa!"

"Na mimi nilikuwa na wageni," alisema Kifaru.

"Hakuna aliyewauliza," alisema Korongo, akauinua mkono wa Fisi. "Bingwa mpya!"

Lakini Fisi hakuwa na habari na ubingwa. Alikuwa amekwisha keti chini, amekunja miguu, sahani mapajani.

"Haya, leteni."

"Tulete nini?"

"Mbuzi! Wali! Matanga ya Pimbi!"

"Lakini Pimbi hajafa," alisema Korongo. "Mtazame, anapiga chafya."

Fisi akamtazama. Ni kweli, Pimbi alikuwa anatema mchanga. "Mbuzi je?"

"Hakukuwa na mbuzi," alisema Pimbi kwa sauti ndogo. "Hata mchele sikuagiza. Sijapata kuagiza siku yoyote."

Fisi aliangua kilio, hiiii-hiii-hii, kilio cha mtu aliyefiwa hasa, mpaka Bi Mashavu akamwonea huruma, akaenda kumbembeleza. Hivyo msiba ukapata mwombolezaji mmoja, naye ndiye aliyeshinda.

Jioni hiyo Fisi akahamia pangoni, na Pimbi akawabeba wanawe, akarudi nao kwenye ufa wa jabali, mawingu yakijikusanya.

Wanangu, kabla hamjamtisha mtu, jueni kwanza anaogopa nini.