Difu Iliyobaki Uani

Difu ya kuondokea siyo difu ya kufikia. Mmeisikia leo harusini, mjomba wenu akimnong'oneza bwana harusi baada ya kuona keki ya ghorofa nne, nanyi mkacheka mkadhani mzee kaanza tena mambo yake ya gereji. Hakuwa anazungumzia magari. Ila methali yenyewe ilitoka kwenye gari kweli, tena gari nililolipanda, la watu niliokula kwao. Kwa kuwa mmeuliza, kaeni, na mwenye haraka ya kwenda kucheza muziki aende sasa hivi asije akanikata katikati.

Methali hii ilianza hivi. Shamba la mkonge la huku kwetu lilikuwa na kiwanja chake cha ndege. Ndege zilipoacha kuja, ile njia ilibaki, imenyooka, ngumu kama sakafu. Vijana wenye magari wakaigeuza uwanja wa mashindano. Kila Jumapili walikuja kutoka Tanga, Muheza, Korogwe, wakashindana wawili wawili. Hapakuwa na kona wala kuzunguka. Ni kuondoka kwenye mstari wa chokaa karibu na geti, na kukimbia mpaka kwenye nguzo nyekundu kule mwisho, basi.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana ndilo lililoharibu kila kitu. Watazamaji wote walikaa getini. Huko ndiko kulikokuwa na kivuli cha banda, chai, mihogo ya kukaanga na wasichana. Kule kwenye nguzo hakukuwa na kitu ila jua na nyasi, na mshika bendera mmoja. Aliyeshinda tuliambiwa baadaye, pikipiki ikirudi na habari, na wakati huo macho yetu yalikuwa yameshahamia kwa magari mengine.

Mzee Shemdoe, aliyekuwa dereva wa shamba, alifariki akaacha mjane, Bi Zaina, na vijana wawili, na gari. Lilikuwa gari la otomatiki, refu, rangi ya maziwa, na hapa kijijini hakuna mwanamke wa rika langu ambaye halikumpeleka kujifungua. Mhina, mwanawe mkubwa, alikuwa fundi. Mdogo wake, Sekiete, alikuwa dereva mwenye mkono mwepesi. Walimwomba mama yao walitengeneze gari la baba liende mashindanoni. Bi Zaina aliwaza sana, kisha akakubali kwa sharti moja tu, kwamba litoke na lirudi. "Baba yenu hakuniachia kaburi la marumaru," aliwaambia. "Kaniachia hilo."

Mhina aliitengeneza injini vizuri, kisha akafika kwenye difu. Ninyi mnaopanda magari bila kujua yanakwendaje, difu ni kile kibofu cha chuma kilicho chini, katikati ya matairi ya nyuma. Meno yaliyomo ndiyo yanayoamua injini izunguke mara ngapi ili tairi lizunguke mara moja. Mhina alikuwa nazo mbili, ile iliyokuja na gari, wao wakaiita difu ya baba, na nyingine ya pikapu ya kubebea mkonge. Alizijaribu zote mbili, na kila mara yeye mwenyewe alikwenda kusimama kule kwenye nguzo, ausikie mlio wa injini inapofika.

Kwa difu ya pikapu, gari liliruka pale mstarini mpaka pua ikatazama mbinguni. Lakini kabla ya nguzo injini ilikuwa imeshafika mwisho wa pumzi zake, inalia tu, mwendo hauongezeki. Kwa difu ya baba, gari liliondoka taratibu, halafu likaendelea kuongeza, na kuongeza, na lilipita nguzo bado lina hamu. Mhina hakuwa na shaka. Akafunga difu ya baba, na Sekiete akawa anashinda.

Akishinda, lakini anachekwa. Kila Jumapili sisi wa getini tulimwona akiachwa mstarini, mwenzake keshapotea kwenye vumbi. Wakambandika jina, Bi Harusi, kwa kuwa anatoka kwa maringo na wala hana haraka ya kufika. Alipokuwa akirudi na ushindi wake nani alijali? Jina lilikuwa limeshakaa. Hata watoto wa shule walimpigia vigelegele njiani. Kijana yule alikuwa na moyo wa kioo, na nasema kwa masikitiko, hatukumwonea huruma.

Ndipo akaja Ndesario kutoka Moshi na gari lake la gia za mkono. Yeye alikuwa amefunga difu ya pikapu, na alipoondoka getini ardhi ilitetemeka. Ndesario hakuwa mtu mbaya. Ila mbele ya watu wote alisema yuko tayari kwa gari kwa gari, yaani atakayefika kwanza aondoke na yote mawili. Mtu mmoja akapaza sauti, "Muulizeni Bi Harusi, mahari hiyo." Watu wakaangua kicheko, na Sekiete akasema amekubali, kabla hajamtazama kaka yake.

Siku iliyotangulia mashindano, mchana, nilikuwa uani kwa Bi Zaina tukimenya mihogo. Mhina alikuwa chini ya gari. Sekiete akachuchumaa.

"Kaka, nifungie ya pikapu."

"Umeshinda na ya baba tangu tuanze."

"Nimeshinda, nani kaona? Wewe na mshika bendera. Ndesario anayo ya pikapu, umemwona anavyoondoka."

Mhina akatoka kule chini, akajifuta mikono. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alijitahidi.

"Lile ni gari la gia za mkono, mdogo wangu. Pale mstarini halina wa kulisukuma, ndiyo maana linataka difu ya nguvu. Na gia anazo tano, hii ikichoka anavuta nyingine. Letu lina kile chungu cha mafuta kati ya injini na giaboksi, kinalisukuma chenyewe likiondoka. Na gia ni tatu tu. Ukilifungia difu ya pikapu, linamaliza kila kitu mlangoni. Kule mbele utakuwa na nini?"

"Kule mbele nitakuwa nimeshamwacha."

"Na kama hujamwacha?"

Sekiete akasema polepole, "Kaka, wananiita mwanamke. Hata siku moja tu, nami nionekane nikiondoka."

Nilimwona Mhina akimtazama. Alikuwa anaijua haki ya gari lile kuliko mtu yeyote, lakini damu ni nzito kuliko maji, na machozi ya mdogo mtu ni mzigo mbaya. Akachukua spana, akarudi chini. Bi Zaina, ambaye katika yote hayo alikuwa ameshika swali moja, akauliza, "Mhina, litarudi?"

"Litarudi, mama," alisema.

Jumapili ile kiwanja kilijaa. Mhina akaenda kwenye nguzo kama kawaida yake. Bendera ikashuka, na mkinikata ulimi nitasema hivyo hivyo, sijaona gari likiondoka namna ile. Gari la Mzee Shemdoe lilifyatuka, Ndesario akabaki anameza vumbi. Geti zima likalipuka kwa makelele. Watu walikumbatiana, wengine wakarusha kofia. Kijana mmoja akapanda baiskeli, akakimbia kijijini kumpelekea Bi Zaina habari kwamba mwanawe kashinda. Kwa mbali tuliusikia mlio wa injini umesimama pale pale, haupandi wala haushuki. Hakuna aliyejali. Ngoma zilikuwa zimeshaanza.

Karibu na nguzo, Ndesario alivuta gia yake ya tano akampita. Hakumpita kwa mengi. Sekiete alikanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini gari halikuwa na kitu tena cha kumpa.

Ndesario alishuka akamwuliza Mhina amefunga difu gani. Alipoambiwa, akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa naiogopa ile ya zamani," alisema. "Usiku mzima sikulala kwa ajili yake." Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini yale hayakungoja hata mtoto azaliwe.

Ndugu wale walirudi kwa miguu, wakapita kando ya watu waliokuwa bado wanawachezea ngoma ya ushindi, maana habari ya pikipiki ilikuwa imemezwa na makelele. Sisi tulikuwa tumeshatangulia kwa Bi Zaina. Alikuwa amepika pilau, amevaa kanga mpya, na kuku wake wa mwisho alikuwa chunguni. Aliwaona wanaingia, akachungulia nyuma yao, njiani.

"Na gari liko wapi?"

Sekiete alikaa chini pale pale kizingitini, akafunika uso. Mhina ndiye aliyejibu. "Mama, watu walitaka kumwona akiondoka, nami nikamfungia difu ya kuondokea. Siyo difu ya kufikia."

Bi Zaina hakupiga kelele. Aliuliza difu ya kufikia ni ipi. Mhina akamwonyesha ile ya baba, iliyobaki uani juu ya gunia, mafuta bado yanaitoka. Mama yule aliizunguka, akaigusa kwa ncha ya kidole, akaangalia kidole kilivyochafuka.

"Basi mume wangu ndiye huyu," alisema. Akaingia ndani, na pilau ile hakuna aliyeila.

Difu ile ilikaa pale uani miaka yote Bi Zaina aliyobakiwa nayo duniani. Kila asubuhi alifagia pembeni mwake, na hakuruhusu iuzwe chuma chakavu. Nzima, haina hitilafu, na gari la kuifungia halipo. Ndiyo maana mjomba wenu aliiangalia ile keki akasema alichosema, na mjomba wenu, kama hamkuwa mnajua, ni Sekiete.

Difu ya kuondokea siyo difu ya kufikia.