Nyati na Chungu cha Uji wa Tembo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sogeeni karibu na moto. Mwenye usingizi akalale, maana kisa hiki kinaniuma.

Hapo zamani za kale Nyati alikuwa na nyumba ya wageni kando ya njia ya misafara. Mpishi wake alikuwa Bi Nguchiro. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: anayevunja kitu hupaza sauti, "Nimevunja!" Nyati humjibu, "Pole, kazi iendelee!" Basi hakuna aliyeficha kosa. Hata mto ulipofurika ukabomoa jiko, Bi Nguchiro alipika mvuani huku anaimba, hadi yeye na Nyati wakalijenga upya.

Siku moja akaja Tembo, mgeni mkubwa. Nyati akageuka kwa mbwembwe kumkaribisha, pembe ikagonga chungu cha uji, pwaa!

"Nani kavunja?" Tembo akauliza, akiwa bado nje ya mlango.

Nyati akaona haya. Akamnyooshea ukwato Bi Nguchiro. "Huyu hapa! Mzembe mkubwa!"

Bi Nguchiro akamtazama. Kisha akainama, akaokota vigae.

Tangu siku hiyo alifika, akapika, akaenda zake. Kesho yake alifika, akapika, akaenda zake. Keshokutwa yake alifika, akapika, akaenda zake. Wala hakuimba. Nyati aliona, moyo ukamchoma, lakini kuomba radhi kukamshinda. Kila asubuhi alijiambia, "Nitasema naye kesho."

Masika yakaingia. Mchwa wakaila nguzo kuu ya nyumba. Bi Nguchiro aliuona unga wa nguzo sakafuni, akaufagia, akanyamaza. Upepo ukavuma, nyumba ikaanguka, puu! Wageni waliponea chupuchupu.

"Bi Nguchiro, uliiona nguzo inaliwa?" Nyati akauliza, amesimama katikati ya kifusi.

"Niliiona, Bwana."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasema nimeila mimi."

Machozi yakamlengalenga Nyati. "Chungu kile nilivunja mimi. Nisamehe, mama. Tujenge tena, kama mwaka ule wa mafuriko."

"Nimekusamehe," akajibu, huku anafunga kifurushi chake. "Nguvu za kujenga ninazo, Bwana. Wa kumjengea ndiye sina."

Akashika njia. Nyati akamwita, akamwita, akamwita. Hakugeuka.

Hadithi yangu inaishia hapo, kwenye kifusi, na Nyati namwonea huruma mpaka leo.