Siku Mbweha Alipopanda Kichuguu

Jamani, mko macho?

— Tuko macho!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi yategeni, naanza.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wanaongea kama sisi, kulikuwa na mbuga moja iliyoingiwa na ukame. Nyasi zote zilikauka. Majani yalibaki juu kabisa ya miti.

Mbuga hiyo ilikuwa na wakubwa watatu: Nyati, Nungunungu na Kanga. Sheria yao ilikuwa moja tu. Jambo halifanyiki mpaka wote watatu wakubali. Na hao watatu, jamani, walikuwa hawapatani hata kidogo!

Sasa, kulikuwa na mama mmoja, Digidigi. Alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka kwa njaa.

Siku moja akaja Mbweha. Sauti tamu, manyoya yanang'aa. Akasema, "Ndugu zangu, ng'ambo ya mto kuna bonde. Nyasi mpaka magotini! Twendeni wote."

Siku ya kwanza Nyati akasema, "Twende." Nungunungu akasema, "Kwa kuwa umesema wewe, mimi siendi." Hawakwenda.

Siku ya pili Nungunungu akasema, "Haya, twende." Nyati akasema, "Jana ulikataa wewe, leo nakataa mimi." Hawakwenda.

Siku ya tatu wote wawili wakakubali. Wanyama wakashangilia! Kanga akasema, "Mimi sitaki. Nani kaliona hilo bonde?" Hawakwenda.

Digidigi akalia. "Nyinyi mnabishana, mwanangu anakufa!"

Mbweha akasema, "Pole, mama. Shida ni hawa watatu. Nichagueni mimi peke yangu. Nikisema twende, tunakwenda. Kelele basi."

"Kweli! Tumechoka na kelele!" wanyama wakaitikia. Digidigi ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote.

Nyati akasema, "Unataka ukubwa? Panda kichuguu, kama tulivyopanda sisi. Na sisi tutapanda tena."

Maana mila ya mbuga ile ilikuwa hivi: anayetaka ukubwa anasimama juu ya kichuguu mpaka jua lizame, na kila mtu anamwambia analotaka. Kutukana ruhusa, kuuma marufuku.

Asubuhi wakapanda, kila mmoja kichuguu chake. Kelele zake sasa!

"Wewe Nyati, kichwa kikubwa, ndani upepo!" Nungunungu akapiga kelele. "Umewahi kumlisha nani?"

Nyati akapandwa na hasira. Akakamata mti wa jirani kwa pembe, akauinamisha mpaka chini. "Mama Digidigi, kula! Kula, huyu mfupi aone!"

"Majani tu hayo!" akasema Nungunungu. Akachimba pale pale miguuni pake, akatoa viazi vya porini. "Mama, onja na hivi!"

Digidigi akala huku, akala na kule. Wanyama wote wakala.

Ikafika zamu ya Mbweha.

Nungunungu akauliza, "Mheshimiwa, mbona wewe umenenepa na sisi mbavu nje?"

"Nimekula nyasi za ng'ambo."

"Mbweha anakula nyasi! Jamani!" Wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kanga akamrushia fungu la nyasi kavu. "Basi kula hizi, baba, tukuone."

Mbweha akatafuna. Akakohoa. Akatema. Wakazidi kucheka. Akaangalia jua: bado liko juu.

Digidigi naye akasogea, sasa ana nguvu ya kusimama. "Kaka Mbweha, pale mtoni, mtoto wangu atabebwa na nani?"

Mbweha akashindwa kuvumilia. "Atabebwa na wenzangu! Wako mtoni siku zote hizi, mate yanawatoka, na nyinyi kazi yenu kelele tu..."

Akajiziba mdomo. Alikuwa ameshasema.



Kanga akauliza polepole, "Mate yanawatoka kwa ajili ya nani, baba?"

Hawakumuuma, sheria ni sheria. Walimzomea. Wakamzomea kutoka kichuguuni mpaka mtoni, akavuka mbio, mkia katikati ya miguu. Nungunungu alisimamisha miiba kidogo tu, kwa heshima.

Jua likazama. Wale watatu wakabaki na ukubwa wao. Maziwa yakamrudia Digidigi, mtoto akanyonya, akashiba. Kwenye giza Nyati, Nungunungu na Kanga walikuwa wameshaanza upya: kesho tule upande gani?

"Mama," akasema mtoto, "wanagombana?"

"Wanagombana, mwanangu," akasema Digidigi. "Lala."

Basi ndugu zangu, funzo ni hili. Anayeomba ukubwa, msimwonee haya: mzomeeni, mumuulize, asimame juani mpaka mumjue. Na wakubwa wakikwama kwa kubishana, msikimbilie kutafuta mmoja wa kuamua peke yake.

Hadithi yangu nimeitua hapa chini. Iliyo tamu bebeni, iliyo chungu niachieni mwenyewe.

— Tumebeba!