Majina Aliyobeba Mbayuwayu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao, maana jambo hili sirudii.

Zamani hizo kila mnyama alikuwa na jina moja tu, jina la kweli, na akiitwa kwa hilo hakuwa na ujanja, lazima aje. Majina hayo aliyajua mwanamke mjane aliyeitwa Nyamizi, aliyerithi kazi ya kuita kutoka kwa bibi yake. Kiangazi aliwaita tembo wachimbe maji mtoni, na viwavi wakiingia shambani aliwaita ndege. Kumuua aliyeitwa kulikuwa mwiko. Lakini jina alilopenda kuliko yote lilikuwa la bintiye, Milembe, aliyemwita kila jioni uji ukiwa tayari.

Ukaja mwaka wa njaa. Mtemi Lugoye akamwendea Nyamizi, akamsihi awafundishe wawindaji yale majina ili watoto wasife. Nyamizi alikataa katakata. Kisha akamtazama Milembe, mbavu zote nje, moyo ukamlegea. Akayataja.

Jamani, ile haikuwa kuwinda. Swala aliitwa, akaja, akainamisha shingo. Watoto wakashiba, na hapo mngedhani watu wametosheka. Wapi! Mvua ikanyesha, mtama ukaiva, nao wanaita tu, mara kwa ajili ya ngozi, mara kwa ajili ya pembe, nyama inaozea nje. Siku moja wakamwita kifaru mwenye mimba. Alikuja akitetemeka, macho hayambanduki Nyamizi, mpaka mkuki ulipompata. Nyamizi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akamwita mbayuwayu, ndege aendaye kaskazini kila mwaka, akamwomba ayabebe majina yote akayafiche mbali. Mbayuwayu hakumficha kitu.

"Nikibeba, nabeba yote yaliyopita kinywani mwako," akasema. "La mwanao nalo limo."

Nyamizi alilia sana. Mwishowe akajifuta uso.

"Chukua," akasema. "Yeye nitamjua kwa sura."

Mbayuwayu akaruka nayo, na wawindaji wasikumbuke hata moja; akavuka jangwa na bahari, akayaweka kwa watu waliosema Kilatini, lugha iliyokuwa ikikata roho. Wao wakayavisha maneno yao. Bundi akawa bubo, kwa mlio wake. Kifaru akawa bicornis, maana yake mwenye pembe mbili, zile zile zilizofanya auawe. Kisha lugha ile ikafa, ikazikwa vitabuni pamoja na majina hayo.

Na tangu siku hiyo majina tunayotumia sisi ni ya kupanga tu. Simama porini uite kifaru mchana kutwa, hageuki. Ya kweli wanayo wasomi, katika Kilatini, na hata wao wakiyasoma kwa sauti hakuna anayekuja, kwa sababu ni lugha ambayo hakuna mama anayeitumia kumwita mwanawe aje kula.

Na Nyamizi? Kila jioni alisimama mlangoni uji ukipoa, midomo ikimcheza, hakitoki kitu. Milembe alijifunza kuja bila kuitwa.

"Mimi Milembe, mama," alikuwa akimwambia.

Nyamizi alilirudia polepole, akalishika kwa furaha, akampakulia. Kabla uji haujaisha bakulini, jina lilikuwa limeshamtoka.