Biblia Mbili za Wosia

Hebu mfikirieni mwanamke mmoja msomi, mwenye digrii zake mbili, ambaye mama yake yuko kitandani anaishiwa nguvu. Mama ana ombi moja tu: "Nisomewe Biblia ya baba, mwanangu, kabla sijafumba macho. Si nyingine. Ile ile."

Binti akautafuta wosia wa babu yake. Ulikuwa mfupi: Biblia kubwa apewe mwana wa kwanza, Biblia ndogo apewe kitindamimba. Akajisemea, kazi gani hii?

Akaanzia kwa mjomba wake. Biblia kubwa ilikuwa sebuleni, kwenye kabati la vioo, imelazwa juu ya kitambaa cha kufuma, jalada la ngozi linang'aa kwa kupakwa mafuta. Ukoo mzima uliapia hapo, wa kugombea shamba na wa kukana ujauzito.

"Shikamoo, mjomba. Naomba kuiazima, nimsomee mama."

"Marahaba. Hii haisomwi, mpwa wangu. Hii inaapiwa. Tangu baba alipoifunga, hakuna mkono uliothubutu kuifungua!"

Akasema hayo kifua mbele. Binti akapanda kilima kwa mama yake mdogo, akamkuta anapukuchua mahindi.

"Biblia? Iliisha, mwanangu."

"Iliisha vipi?"

"Niliigawa. Mjane wa bondeni nikampa Ruthu. Yule bwana aliyezika watoto wake, nikampa Ayubu. Zaburi waliigombea, nikaikatakata."

"Mama mdogo! Ulichana Biblia?"

"Watu wengi, kitabu kimoja. Ulitaka nikate watu?"

Msomi wetu akashuka kilima amenuna. Mama angeambiwa nini? Kwamba mmoja ameifungia na mwingine ameichana?

Lakini habari hazingoji nauli. Jumamosi wale waliogawiwa wakaanza kuingia uani kwa mgonjwa, karatasi zimefungwa kwenye pindo za kanga, nyingine kwenye mifuko ya sukari. Mama mdogo akasimama mlangoni anawapanga: "Mwanzo, kaa karibu na kitanda. Kutoka, ingia! Hesabu, punguza maneno!"

Wakasoma. Ndugu zangu, hawakusoma kama watu wanaosoma. Walisoma kama watu wanaosimulia mambo ya nyumbani kwao. Midomo ya mgonjwa ikawa inawafuata neno kwa neno. Zamu ya Ayubu ikafika; mzee akanyoosha mikono mitupu. "Yangu iliungua na nyumba," akasema. Kisha akafumba macho, akaitoa yote kifuani, tangu mwanzo, bila kujikwaa. Binti akajikuta amevua viatu, hajui alivivua saa ngapi.

Hapo ndipo mjomba alipoingia, Biblia kubwa kwapani, ametota jasho.

"Mnasoma makaratasi, na Biblia ya baba ipo?"

Akaiweka kitandani. Akaifungua.

Vumbi. Mchwa walikuwa wamepanda kwa nyuma ya kabati, wakala kurasa zote, wakaacha jalada. Miaka yote hiyo ukoo uliapia ngozi na hewa. Msomaji pekee wa kitabu kile alikuwa mchwa.

Hakuna aliyecheka. Mgonjwa akainua mkono taratibu, akamshika kaka yake.

"Kaka," akasema, "kaa. Wakugawie."

Mjane wa bondeni akasogea kwenye mkeka, akaigawa Ruthu yake katikati.

Sasa sisi. Sisi tunaoiweka Biblia mbele ya gari ili trafiki atuheshimu, chini ya mto ili wachawi wapite mbali. Tunaipangusa vumbi kila siku. Je, la ndani? Nani anaisoma ya kwako, wewe au mchwa? Na lile neno moja ulilowahi kupewa siku ya msiba wako, likakusimamisha, umemgawia nani?

Leo ukifika nyumbani, fungua. Ukikuta vumbi, usijifiche. Nenda kwa jirani mwenye kipande. Kaa. Atakugawia.