Mfalme Aliyeogopa Mwiba

Paukwa!
Pakawa!
Kaeni vizuri basi. Anayetaka hadithi ya kuchekesha akalale, maana hii ya leo inauma.

Hapo kale, ng'ambo ya bahari kuu, kwenye misitu ya Wamaya, palikuwa na mfalme jina lake Chanek. Mji wake ulikula mahindi, na mahindi yalingoja mvua. Mvua ikichelewa, desturi ilikuwa moja: mfalme hupanda juu ya hekalu, akajitoboa ulimi kwa mwiba, damu ikadondokea karatasi ya magome, karatasi ikachomwa. Moshi ukapanda kwa Chaaki, mwenye mvua.

Chanek alikuwa mrefu, alikuwa mzuri, alikuwa mwoga. Mwiba tu, ndugu zangu, ulimtoa jasho.

Mwaka wa kwanza mvua ilichelewa. Chanek akachinja bata mzinga kwa siri, damu akaificha kwenye kibuyu kidogo, akapanda, akawapa watu mgongo, akamimina. Mvua ikanyesha. Mwaka wa pili, bata mzinga, kibuyu, mgongo. Mvua ikanyesha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilirefushwa na mawingu. Watu wakamsifu kwamba hajapata kuonekana mfalme anayejitoboa bila kulia. Binti yake wa pekee, Ixkuk, alisikia sifa hizo akajaa fahari.

Mwaka wa tatu akamimina. Mvua haikuja. Akamimina tena, na tena. Mahindi yakanyauka. Kuhani wa hekalu akamweleza kwa upole kwamba damu ya mfalme imechoka, na desturi inasema damu ya baba ikichoka huongezewa ya mwana.

Hapo ndipo pa kusema, au sivyo? Aseme tu: sikutoa damu, nitoboeni mimi. Akafikiria aibu. Akafikiria kiti chake. Akajiambia kitundu cha mwiba kitapona. Akanyamaza. Mchuma janga hula na wa kwao.

Ixkuk akapanda kwa miguu yake mwenyewe. Baba yake akamwuliza kwa sauti ndogo iwapo anaogopa.

"Naogopa, baba. Lakini wewe hukulia, nami sitalia."

Hakulia. Ulimi ukavimba, homa ikampanda, na kabla mwezi haujaandama alikuwa amekufa. Siku ya mazishi mvua ikanyesha.

Watu wakacheza ngoma. Chanek akapiga magoti matopeni, akawaambia yote: bata mzinga, kibuyu, uongo. Hawakumwamini. Wakasema huzuni imemchanganya; nani asiyeona kwamba damu ya mtoto ndiyo iliyoleta mvua?

Mwaka uliofuata ikachelewa tena. Safari hii Chanek akajitoboa kweli, akashuka damu imemjaa mdomoni. Chini ya ngazi akawakuta kina mama na watoto wao, wameogeshwa, wamevalishwa vizuri. Akatanua mikono kuwazuia. Akasema damu yake inatosha.

Mama mmoja akamtazama kwa huruma. "Mfalme wangu, yako ilitosha lini?"

Wakampita. Watoto wakapanda, wakiambizana kwamba Ixkuk hakulia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake, kama mmeuona, chukueni. Uchungu wake niachieni mimi.