Upanga Uliooa Kaukabani

Ilikuwa siku ya Jumatatu, mwezi ishirini na saba Rajabu, saa nne na robo ya asubuhi, katika mji wa Kaukabani uliotawaliwa na Sultani Shahabu bin Marwani, ndipo Shamsiya binti wa waziri alipowekewa upanga mapajani akaozwa.

Ada ya mji ule ilikuwa hivi: bwana harusi akiwa vitani, hutuma upanga anaopigania ukae mahali pake, na khatibu anapouliza, "Umekubali?" mjumbe huigonga ala mara tatu, na hilo ndilo jibu. Kisha upanga hukaa chumbani na bibi harusi fungate nzima, siku saba, wala hauguswi na mtu mwingine, na mwisho wa fungate mke hutaja mahari kwa kinywa chake, na mume asiyeyatoa si mume. Na bwana harusi wa Shamsiya alikuwa Ghalibu, mwana wa sultani, aliyempenda tangu walipokuwa wakisoma chuo kimoja na kuibiana tende.

Khatibu akauliza. Mjumbe Sarhani alikuwa hajainua mkono bado, na upanga wenyewe ukagonga ndani ya ala, ta, ta, ta. Wanawake wakapiga vigelegele na kusema hii ni baraka kubwa. Sarhani alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na Shamsiya, ambaye hakuna kilichompita machoni hata siku ya harusi yake, akamwona.

Wageni walipokwenda kula, akamwita nyuma ya pazia. "Kaka Sarhani, nini kile?"

"Bibi, usiniulize."

"Nimekwisha kuuliza."

Sarhani akainamisha kichwa. "Bwana wangu aliupata katika kaburi la mfalme asiyejulikana jina. Siku ya kwanza ulikata kama panga zote. Alipoua watu kumi, ulikata deraya, vazi la chuma la vita, kama boga. Alipoua hamsini, ulipasua mwamba, nasi tukashangilia kama wajinga. Tangu hapo haurudi alani kabla haujanywa. Siku moja adui walikimbia mapema mno, na upanga ulikuwa haujashiba."

"Ukamnywa nani?"

"Ndugu yangu. Alikuwa amemshikia bwana hatamu za farasi." Akajifuta uso. "Bwana alilia, bibi. Lakini kesho yake aliushika tena. Ameuleta kwako kwa sababu ada itamtenga nao siku saba, huenda akapata usingizi."

Somo wa Shamsiya, Bi Tausi, alipoingia na chetezo cha udi akamkuta bibi harusi ameutazama upanga kama anayetazama nyoka. "Mbona umenuna, mwanangu? Mume wa chuma ana heri! Hakoromi, hadai chai, wala hana mama wa kukusema."

Shamsiya akacheka kidogo, kwa adabu. Bi Tausi alipotoka, sauti ikatoka alani, nzito, ya heshima.

"Mama yule hajui asemalo. Mimi nakula sana."

Shamsiya hakupiga kelele. "Nani wewe?"

"Samumi, jini niliyefungwa katika chuma hiki na mfalme aliyekwisha kuwa vumbi. Kila roho ninywayo hunizidishia nguvu, na ya mia itanitoa humu nitembee kwa miguu miwili. Imebaki moja, na sharti itolewe na mkono wa yule aliyenibeba. Hapo mkono wenyewe nitauvaa kama kanzu. Usihofu, mke wangu. Nitakujia na uso wa Ghalibu."

"Mimi si mke wako."

"Khatibu aliuliza, mimi nikajibu. Neno la jini mbele ya mashahidi ni pingu yake, hawezi kulivua. Nimeoa, Shamsiya, na kukataa kwako hakunivui."

Basi akaishi na mume huyo. Alipokula, upanga ulimsifu mapishi. Aliposwali, ulinyamaza kama maji. Naye hakumwambia mtu, kwani alijua baba yake angemwambia sultani, na sultani asingesikia katika habari ile ila neno moja: nguvu.

Na sultani alilisikia hata hivyo. Siku ya tano jeshi la watu wa Sharara, wale adui waliopigana na Ghalibu, lilipiga hema mbele ya lango la mji, na Sultani Shahabu akaja mwenyewe mpaka kwenye pazia.

"Mkwe wangu, nuru ya kasri langu, nipe upanga. Askari wamehesabu: ulizidi nguvu kwa kumi, ukazidi kwa hamsini, na sasa imebaki roho moja itimie mia. Nina mateka mmoja uani, kijana asiye na thamani kwa yeyote."

"Ewe maulana, umri wako uwe mrefu. Je, baba mkwe huingia chumbani mwa maharusi akamtoa mume kitandani?"

Nyuma ya sultani mtu akakohoa kuficha kicheko. Sultani akasaga meno, lakini aliyevunja ada mbele ya mji wake amewafundisha watu kuivunja, naye alilijua hilo. "Siku mbili, Shamsiya. Kisha mwanangu atakuja kuuchukua."

Siku ya saba, baada ya alasiri, Ghalibu akaja. Amekonda, macho mekundu, na Shamsiya aliyekuwa ameingojea sura ile miezi mingi akasimama kumpokea. Ghalibu aliutazama upanga kwanza. Baadaye ndipo alipomtazama yeye.

"Binti waziri," akasema, "hujambo? Nipe."

"Hata kuketi huketi?"

"Nitaketi nikirudi. Mateka yuko uani. Mmoja tu, Shamsiya, na vita vimekwisha. Wallahi mmoja tu."

"Na ndugu yake Sarhani, naye alikuwa mmoja tu?"

Mkono wa Ghalibu ukasita hewani, lakini haukushuka. Shamsiya akaona kwamba hakuna neno litakalourudisha, akaurukia upanga, akaukumbatia kifuani na kusema kwa sauti waliyoisikia mpaka uani: "Fungate imekwisha! Samumi, mume wangu, nataja mahari yangu. Nataka kila roho uliyokunywa, zote, wala usibakize hata tone."

Ala ikapata joto. "Mwanamke, omba lulu. Omba miji."

"Nimetaja."

Jini akanguruma, na vyungu vya jikoni vikapasuka, lakini neno lake lilikuwa limemfunga, akalipa. Roho zikatoka moja moja, na kila moja ilipita sikioni mwa Shamsiya na neno lake la mwisho: huyu alimwita mama, huyu aliuliza kama mvua imenyesha kwao, na ndugu yake Sarhani alisema tu, "Bwana, ni mimi." Ghalibu akaanguka, mkono wake wa kulia, ulioishi kwa nguvu za roho zile, umenyauka kama tawi, akalala palepale usingizi aliokuwa ameukosa. Na upanga ukawa chuma butu.

Ndani yake sauti ndogo ikacheka. "Ahsante. Aliyekubali ni mimi, na sasa aliyelipa ni mimi. Ndoa imetimia."

Kadhi akaitwa, akapekua vitabu vyake vyote vya sheria, akalia, na hakuweza kusema vinginevyo. Sultani, kwa kukosa upanga, akafanya suluhu: akawaachia Sharara njia ya mlimani waliyokuwa wakiigombea, na kumfungua mateka. Na wahenga wa Kaukabani wakasema, silaha inayonenepa kwa kuua humla mwisho yule anayeilisha, na anayeizuia haondoki bila kulipia.

Asubuhi ya pili Shamsiya akasuka nywele kama mke wa mtu, akamfunga mume wake mgongoni kwa kanga, akapita penye mlango wa Ghalibu bila kubisha, akatoka langoni peke yake, akaenda moja kwa moja kwenye hema za Sharara. Kwa mwanamke wa kwanza aliyemwona akichota maji, akauliza: "Samahani, mama. Nani hapa alikuwa na mwana aliyekuwa akiuliza habari za mvua?"